Tafi Wasiojua Kusi

Riruta,
4 Mei 2023

Kwako Nabiha binti Amin, mshika sindano wa bahari,

Boksi nalirudisha leo. Ndani kuna vichupa vipya, glavu, na pakiti ya majani ya chai ambayo usimwonyeshe mtu hapo kwenye kituo chenu cha utafiti. Nimelikabidhi kwa Kimanzi, yule karani wa vifurushi kwenye ofisi ya mabasi pale mjini, na kama kawaida amenitazama kana kwamba nasafirisha kichwa cha mtu. Nilipomwambia ni vichupa vya damu ya samaki ndiyo akazidi kuogopa.

Dkt. Kitavi ananicheka kwamba katika zama hizi tunaandikiana barua na kuzitia kwenye boksi la barafu. Mwalimu wangu na acheke. Kwenye kundi la WhatsApp yumo yeye, na simu yako huko haishiki mpaka upande juu ya tangi la maji. Boksi lakwenda na kurudi kila mwezi hata tukinyamaza, basi na libebe maneno pia.

Sasa kazi. Kusi imeingia, na huu ndio msimu wangu. Kaskazi tumeshaimaliza na damu uliyoniletea imesema nilichotarajia: maji ya joto, chakula tele, tezi ya chini ya ubongo inatoa homoni, ini linaitikia kwa kutoa ya kwake, na samaki wetu tafi ananenepa. Shahada yangu yote iko kwenye baridi. Mimi nasema wakati wa kusi ubongo utatuma homoni nyingi hata kuliko za kaskazi, lakini ini lenye njaa halitaitika, ndiyo maana samaki hakui. Nikithibitisha hilo, wafugaji watajua kwa nini tafi wao hudumaa nusu mwaka. Lakini lazima awe samaki wa baharini, aliyekula alichojitafutia. Wa kulishwa hafai kabisa. Pamoja na damu niletee na vijiwe vya masikio yao. Ukiwakosa, niambie umewakosa, tutajua la kufanya.

Ufadhili wangu unaisha Desemba, na kusi haiji mara mbili kwa mwaka. Nakutegemea. Baba anakusalimu. Kifua bado kinamsumbua, yuko hapa kwangu ananifundisha kupika muthokoi kana kwamba sikuzaliwa Ukambani.

Wako,
Kasiva


Kituoni, Kwale,
26 Mei 2023

Shoga yangu Kasiva,

Majani niliyaficha ndani ya kiatu cha mvua na bado Sameer, nahodha wetu, ameyanusa. Sasa kituo kizima kinakunywa chai yangu na kuniombea dua.

Bahari imechafuka, mwenzangu. Safari hii nimepata tafi wanane tu, wembamba, macho yamewatoka, na damu yao nimeivuta boti ikiyumba nusura nijidunge mwenyewe. Sameer ameapa kwamba mwezi ujao hatoki. Mkewe alikuja mpaka mlangoni kwangu akaniuliza, “Mwanangu, hao samaki wana damu, na mume wangu je, yake ni maji?”

Nikuulize jambo, na usinikasirikie. Kazi yako ikichapishwa, jina langu litakaa wapi? Juzi nilisoma tasnifu ya yule Karanja aliyekutangulia. Mtu aliyemvulia na kumdungia samaki miaka miwili ametajwa kwenye ukurasa wa shukrani, katikati ya dereva na mama wa chakula. Nauliza tu, roho ya mtu haikosi maswali.

Usihangaike lakini. Samaki utawapata. Barafu ya huku ni ya kuuziwa na wavuvi, huyeyuka mapema, kwa hiyo ukimaliza kusoma barua hii kimbia nayo damu jokofuni.

Mzee mpe tangawizi na asali, na umwambie binti yake wa chumvi anamsalimu.

Akupendaye,
Nabiha


Riruta,
5 Agosti 2023

Nabiha,

Keti kwanza.

Nimepima maboksi mawili, la Juni na la Julai. Nikapima tena. Kisha nikamwita Oduor wa maabara ya jirani apime kwa mkono wake, maana nilidhani nimelogwa. Jibu ni lilelile. Homoni ya ini iko juu kama ilivyokuwa Februari, na ile ya ubongo imetulia tuli. Samaki wanakua katikati ya baridi. Hawa tafi wako hawajui kusi. Mwaka mzima nimekuwa nikihubiri kinyume chake, na sijawahi kufurahia kukosea namna hii.

Nilimpelekea Dkt. Kitavi nikiwa nimeshaandika nusu ya sura kichwani. Akaangalia mchoro wangu muda mrefu.

“Kasiva, hii data ni safi sana,” akasema. “Samaki wa bahari huwa na fujo. Mmoja amekula, mwingine amelala njaa. Hawa wako wote wameshiba?”

“Daktari, mimi namjua Nabiha tangu tulale chumba kimoja hosteli. Akisema samaki katoka baharini, katoka baharini.”

“Utaweka jina lako hapo?”

Nikamwambia nitaweka.

Na nikupongeze kwa jambo lingine. Hatimaye umejifunza kufunga boksi. Lile la Mei lilifika maji matupu, nikaogopa damu imeharibika. Siku hizi nalipokea kwa Kimanzi barafu ingali kavu, utadhani limetoka jokofuni asubuhi hiyohiyo. Nimekusifu mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nakutumia nakala ya mchoro ubandike ukutani. Mstari wa rangi ya machungwa ndio kusi.

Suala la jina lako tutalizungumza nikitulia. Baba amelazwa tangu Jumatano, nakwenda kumwona jioni hii.

Kasiva


Kituoni, Kwale,
25 Agosti 2023

Kasiva mpenzi,

Sina neno la kukutosha. Ujumbe wako wa simu kwamba Mzee ametutoka nimeupata. Mzee alinipa nafasi kwake bila kuniuliza kabila wala dini, na kila nilipokuja likizo alinipikia kitu kisicho na nyama kwa kuogopa kunikosea.

Umbali huu unaniua. Ningekuwa Nairobi, wallahi ningehamia kwako Riruta, nikakupikia uji, nikapokea wageni wa matanga wewe ukalala kidogo. Lakini niko huku, na maji ndiyo haya. Nimemsomea dua kwa namna yetu, naamini hatakataa.

Damu ya mwezi huu imo. Kuhusu matokeo, usiwe na haraka ya kuyaandika. Au yaandike, wewe ndiye msomi. Mimi ni mshika sindano tu.

Wako katika msiba,
Nabiha


Riruta,
12 Septemba 2023

Nabiha wangu,

Tulimzika Baba nyumbani, Mutomo. Mvua hakuna, udongo mgumu, vijana walichimba kwa kupokezana.

Jioni Shangazi Mukai aliuliza, “Yule rafiki yako wa Pwani mbona hatumwoni?” Nikaitoa barua yako nikawasomea, nikiigeuza kwa Kikamba sentensi baada ya sentensi. Akina mama walilia kuliko walivyolia kaburini. Shangazi akasema, huyo ndiye rafiki, wengine ni watu wa kujuana tu. Nilitaka ujue.

Nimerudi kazini kwa sababu nyumba imekuwa kubwa. Sura ya kusi nimeikabidhi. Nitatetea tasnifu Desemba, na Mama ameshachagua nguo. Jina lako nimeliweka ukurasa wa shukrani, wa kwanza kabisa, mbele ya Dkt. Kitavi mwenyewe.

Kasiva


Riruta,
21 Oktoba 2023

Nabiha,

Barua hii naiacha kwa Kimanzi. Sijaitia kwenye boksi, kwani sasa najua boksi halina safari.

Alhamisi Dkt. Kitavi alialikwa kwenye uzinduzi wa chakula cha samaki, hotelini mjini. Alikuwa na kikao, akanipa kadi yake. Nikavaa viatu vya Mama nikaenda nikale sambusa za watu. Nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na nguzo, walipozima taa na kuonyesha mchoro wangu ukutani.

Wangu, Nabiha. Hata rangi ya machungwa hawakubadilisha. Juu yake wameandika kwa herufi kubwa: SAMAKI WASIOJUA KUSI. Nilifikiri kwanza nimechoka, matanga bado yanizunguka kichwani. Kisha mwenyeji akasema, “Tumkaribishe mkuu wetu wa utafiti, ambaye amekuwa nasi hapa Nairobi, Kitisuru, tangu Juni.” Ukapanda wewe. Ukasimulia jinsi tafi wenu, katika matangi ya maji ya chumvi mliyoyajenga Kitisuru, wanavyolishwa na kupashwa joto mwaka mzima, na jinsi damu yao ilivyopimwa na “maabara huru.” Maabara huru ni mimi. Watu walipiga makofi, na mimi nikapiga, kwa sababu mikono haikujua la kufanya.

Nilitoka moja kwa moja hadi ofisi ya mabasi. Nikamuuliza Kimanzi boksi huletwa na basi la saa ngapi.

“Basi gani?” akasema. “Si hiyo huletwa na ule dada wa buibui. Anashukishwa na gari nyeupe, anaacha, anaenda. Wewe unakuja unachukua. Kwani hamjuani?”

Nikamwambia tunajuana.

Basi ndivyo barafu ilivyokuwa kavu. Mjinga nikakusifu mbele ya darasa. Ningekuwa na akili ya samaki ningejiuliza barafu gani inatoka Kwale isiyeyuke.

Jana nilikata vijiwe vya masikio ulivyoniletea pamoja na damu, vile nilivyoviweka kando nikisema nitavishughulikia nikipata nafasi. Tafi wa bahari hujiandikia baridi yake humo, mistari husongamana wakati wa kusi. Hawa wa Julai mistari yao imeachana sawasawa mwanzo hadi mwisho. Hawajawahi kuona siku mbaya.

Sura yangu nzima ni uongo na ina jina langu. Hilo linauma, nitalifikia. Kwanza nijibu hili. Siku za matanga ulikuwa Kitisuru. Ukitaka kuja Riruta kwa matatu unafika kabla chai haijapoa. Ukaandika “Kituoni, Kwale,” ukaandika umbali unakuua, na mimi nikausimamisha uongo huo mbele ya jamaa zangu wote nikautafsiri. Ulipokuwa ukiandika, ulikuwa umekaa wapi? Nataka kujua chumba.

Kasiva


Kitisuru,
25 Oktoba 2023

Kasiva,

Nilikuwa jikoni. Umeuliza, nimekujibu. Nililia nikiiandika na machozi yalikuwa ya kweli, hata kama anwani haikuwa.

Nilikuja mara mbili mpaka njia ya kwako wakati wa msiba. Niliona watu, viti, turubai. Ningeingia ningeulizwa nimefika lini, nikarudi. Usiniamini ukitaka.

Bahari ya Juni ilinishinda. Sameer hakutoka, na mimi peke yangu nisingeweza. Siku hizohizo kampuni ilitafuta mtu anayejua kumshika tafi bila kumuua. Waliniita kwa jina langu kamili. Kasiva, mimi na wewe tulisoma darasa moja. Wewe ukapata ufadhili, mimi nikapata sindano. Nilikuuliza jina langu litakaa wapi, ukanijibu “nikitulia,” kisha ukaniweka ukurasa wa shukrani ukadhani umenipa zawadi.

Ulitaka damu, na ungelia kama ungekosa. Nikasema nikupe hii ya hapa mwezi mmoja, bahari itatulia, nitarudi. Mwezi mmoja ukazaa wa pili. Matokeo yakawapendeza huku, nami nikawa mtu. Nilikosa pa kushukia.

Nisikilize sasa. Hakuna anayejua ila mimi na wewe. Dkt. Kitavi hakuja hotelini. Kampuni haijui damu ilipita kwako kwa jina la bahari. Tetea Desemba, Mama yako avae nguo yake. Ukishamaliza njoo hapa, nimeshawaambia kuna mtu wa maabara hodari kuliko wote. Vijiwe vile vitupe. Nisamehe, na unyamaze. Nakuomba kama dada.

Nabiha


Riruta,
6 Novemba 2023

Nabiha,

Umeomba msamaha na kuomba ninyamaze kwa pumzi moja, hata sikujua nikujibu lipi.

Nikuambie kweli, nililala na wazo lako. Nikaona kofia ya mahafali, nikaona Mama akipiga vigelegele. Asubuhi nikafikiria mfugaji mmoja tu huko kwenu, anayesoma sura yangu, anatia tafi wake kwenye kizimba baharini mwezi wa tano kwa sababu msomi wa Nairobi kasema hawajui kusi. Nikaamka nikaenda kwa Dkt. Kitavi.

Nilimweleza kila kitu na vijiwe nikaviweka mezani pake. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Sura imeondolewa. Ufadhili hautaongezwa. Kama nataka shahada, nisubiri kusi nyingine nikavue mwenyewe. Nimekubali yote hayo.

Limebaki moja. Kamati ya maadili inakaa tarehe kumi na sita, saa nne asubuhi, kuamua kama nilijua. Nikionekana nilijua, nafukuzwa, na hakuna chuo kitakachonigusa tena. Barua zako nimewaonyesha. Wakasema barua isiyo na muhuri wa posta ni karatasi tu, twaweza kuwa tuliziandika jana tukiwa tumekaa meza moja. Kimanzi naye atasema ukweli wake, kwamba sote wawili tulikuwa tukifika dirishani pake.

Kwa hiyo yuko mtu mmoja duniani anayeweza kusema kwamba sikujua. Sikuombi kingine. Kazi yako baki nayo, na kuhusu jina lako ulikuwa na haki: nilipaswa kukujibu ulipouliza, tena kwa heshima. Nalisema hilo bila sharti. Njoo tu uwaambie kwamba Kasiva hakujua.

Kasiva


Riruta,
17 Novemba 2023

Nabiha,

Nakuandikia upesi kabla sijaanza kuisahau sauti yako ilivyokuwa jana.

Ulichelewa. Mwenyekiti, Bi. Nzembi, alishafunga faili, akaniuliza kama shahidi wangu yupo kweli au naye ni wa kutungwa. Nikasema atakuja. Wakatazamana. Ndipo mlango ukagongwa.

Sijui kama ulimwona wakili wa kampuni alivyokaa nyuma yako, alivyokuwa anaangalia mgongo wako tu. Mimi nilimwona baadaye. Bi. Nzembi alikuuliza kwa upole, “Bi. Nabiha, huyu mwanafunzi alijua samaki walitoka wapi?”

Ukasema, “Tulikuwa tukiandikiana kila mwezi. Hatukufichana kitu.”

Akakuuliza tena, “Alijua?”

Ukasema, “Alijua.” Hukunitazama. Ulitazama jagi la maji.

Wamenifukuza. Jioni Dkt. Kitavi alinikuta kwenye ngazi akaniambia ananiamini, ila imani yake si ushahidi. Nimempigia Mama. Ameniuliza kama nimekula.

Nimejaribu kukuelewa. Labda walikutisha. Labda ungesema kweli ungerudi kushika sindano kwenye boti, na umeshazoea kuitwa kwa jina lako kamili. Damu niliweza kuisamehe. Kitisuru ningeisamehe polepole, hata ile barua ya matanga. Nilikuwa nimeshaanza.

Lakini mlango ulipofunguliwa nikaona ni wewe, kabla hujasema neno lolote, moyo wangu ulikurukia. Nilikusogezea kiti. Nilifurahi kukuona, Nabiha, na hiyo furaha ndiyo sitakusamehe.

Kasiva Musili